Kumlazimisha Mgeni Keki Si Ukarimu

Mtu akikataa bia kwenye sherehe ya Wakristo tunamsifu. Akisema yuko kwenye mfungo wa Kwaresima tunamheshimu, na mama mwenye nyumba atamfungia chakula chake aende nacho. Lakini akikataa keki au chapati kwa sababu mwili wake haupokei ngano, tunaanza kwa kumcheka, kisha tunambembeleza, kisha tunamkasirikia, na mara nyingi mwisho wake ni kipande kinachosukumwa mdomoni mwake mbele ya ukumbi mzima huku mshereheshaji akihesabu moja, mbili, tatu. Naandika insha hii kusema kwamba jambo hilo ni dhambi. Najua neno hilo ni zito kwa habari ya keki. Naomba msomaji anivumilie hadi nimalize, kisha aamue mwenyewe kama nimelitumia vibaya.

Kwanza tujue tunazungumza juu ya nini. Ndani ya ngano, shayiri, na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai, mna protini inayojulikana kama gluteni. Ndiyo inayofanya donge la unga wa ngano livutike linapokandwa, na ndiyo inayoifanya chapati ikunjike bila kukatika. Kwa wengi wetu haina neno. Wapo watu, hata hivyo, ambao mwili wao unaihesabu gluteni kuwa adui. Wakiila, kinga ya mwili wao yenyewe inaushambulia utumbo mwembamba na kuharibu vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula. Ugonjwa huu huitwa siliaki. Anayeugua anaweza kula vizuri na bado akakonda. Anaharisha, tumbo linajaa gesi, damu inapungua, anachoka bila kufanya kazi, na akiwa mtoto anadumaa. Wengine hawaharishi kabisa, wanaonekana wazima kama wewe na mimi, kumbe ndani utumbo unaharibika vilevile. Inakadiriwa kwamba duniani karibu mtu 1 kati ya 100 anao. Na mtu asidhani ni ugonjwa wa Wazungu: mojawapo ya viwango vikubwa kabisa vilivyowahi kupimwa ilipatikana hapa hapa Afrika, kwa watoto wa Wasaharawi wa Sahara Magharibi, ambako uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100.

Hakuna kidonge cha kuuponya. Dawa yake ni moja, nayo ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote.

Jinsi jambo hili lilivyojulikana inafaa Mkristo aijue. Huko Uholanzi alikuwako daktari wa watoto, Willem Karel Dicke, aliyekuwa na wagonjwa wa namna hii tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 njaa kali iliikumba nchi ile. Mkate uliadimika hata watu wakala vitunguu vya maua ya tulipu. Dicke aliona kwamba wakati wengine wote wanadhoofika kwa kukosa mkate, watoto wake wa siliaki walipata nafuu, na mkate uliporudi ugonjwa ukarudi nao. Mwaka 1950 alitoa tasnifu yake iliyoonyesha kwamba ngano ndiyo iliyowaumiza. Tufikirie hapo kidogo. Chakula kile kile ambacho taifa zima lilikuwa likikililia, ndicho kilichokuwa kikiwadhuru wale watoto. Kwa hiyo mtu anaposema, "Mbona sisi sote tunakula na hatudhuriki?", hajasema lolote juu ya ndugu aliyeketi pembeni yake.

Neno linaloleta madhara mengi kuliko yote katika sherehe zetu ni hili: "Onja kidogo tu." Msemaji anaona amefanya hisani, amepunguza. Lakini katika ugonjwa huu hakuna kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, zikiliwa kwa miezi mitatu, zinatosha kuudhuru utumbo wa mgonjwa. Kipande kimoja cha mkate wa dukani kina gramu 2 au zaidi. Pigeni hesabu wenyewe: tunazungumza juu ya sehemu moja ya arobaini ya kipande, yaani makombo yanayobaki kwenye kisu. Ndiyo maana hata kijiko kimoja kikitumika kupakulia tambi kisha wali, ule wali umekwisha kuharibika kwake. (Nadokeza jambo moja kwa anayejishuku kuwa na ugonjwa huu: usiache ngano kabla hujapimwa. Kipimo cha damu hutafuta alama ambazo mwili hutoa unapopambana na gluteni. Ukiwa umeiacha kwa muda, kipimo kinaweza kusema huna kitu. Nenda hospitali kwanza, ushauri wa jirani baadaye.)

Sasa tuingie ukumbini. Huku kwetu kaskazini, chakula cha asili hakina vita na mtu huyu. Mtori, machalari, kiburu, makande, ugali wa mahindi, viazi, mihogo, magimbi, wali, maharage: vyote hivyo havina gluteni hata chembe, mradi usivichanganye na kitu kingine. Mgonjwa wa siliaki angeweza kukaa nyumbani kwa bibi yangu mwaka mzima asiugue hata siku moja, na bibi asijue kwamba amemtibu. Ngano iliingia kwetu kwa mlango wa heshima. Chapati zilikuwa chakula cha Krismasi, mkate ulikuwa wa mgeni, keki ilikuwa ya harusi ya watu wenye nacho. Hata leo sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania inatoka nje ya nchi. Tumeifanya kipimo cha kumheshimu mtu. Semina ya wazee wa kanisa haijawa semina bila chai na maandazi, na kikao cha jumuiya bila sambusa kinaonekana ni cha watu waliofilisika.

Matokeo yake ni kwamba mtu ambaye angeshiba vizuri siku ya kawaida ndiye anayeshinda njaa siku ya sherehe. Kuku amepakwa unga wa ngano ndipo akakaangwa. Rojo la nyama limeongezwa unga liwe zito. Ndizi zimekaangwa kwenye mafuta yale yale yaliyopika maandazi asubuhi. Ndani ya mchuzi kuna sosi ya soya, ambayo nyingi hutengenezwa kwa ngano pia, na mpishi hajui. Saa nane mchana ndugu yetu ana sahani yenye kachumbari na kipande cha tikiti maji, na mtu anapita nyuma yake akisema, "Huyu anajinyima ili aonekane mwembamba."

Kwa hiyo anayedai kwamba kumwangalia mtu huyu ni gharama, hajaenda sokoni. Sufuria moja ya ndizi zilizopikwa peke yake, kwa mwiko wake, ni nafuu kuliko kilo moja ya keki. Kinachokosekana si fedha.

Nije kwenye keki yenyewe, maana hapo ndipo penye kisa. Kanisa letu lina sakramenti mbili, lakini mtu akihudhuria sherehe zetu anaweza kudhani zipo tatu. Keki inasindikizwa kwa muziki. Watu wanasimama. Inaelezwa maana yake, inakatwa kwa kisu chenye utepe, bwana na bibi harusi wanalishana, kisha wazazi wanaitwa, kisha wasimamizi, kisha wakwe, na ole wake atakayeitwa akasita. Kusita kunachukuliwa kama kumkataa anayelisha. Nimeona baba mkwe mwenye kisukari akimeza kipande kikubwa kama sanduku la kiberiti ili ndoa ya mwanawe isianze kwa maneno ya watu. Na hapo hapo pembeni yupo ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa, amewekewa majani mdomoni, na mshereheshaji anamtangaza kwa majivuno kuwa ndiyo keki ya Kichaga! Kumbe tunajua vizuri kwamba kulishana si lazima kuwe kwa ngano. Tunajua kubadilisha keki tukitaka kujisifu kwa mila zetu, ila hatujui kubadilisha kwa ajili ya mgonjwa.

Mama mmoja alinieleza habari ya binti yake, aliyekuwa darasa moja la kipaimara na mtoto wa jirani. Binti huyu alikuwa amepimwa na kuambiwa asile ngano. Siku ya sherehe ya jirani wale vijana waliopata kipaimara pamoja waliitwa mbele walishwe keki, mmoja mmoja. Binti alipofikiwa akasema kwa sauti ndogo kwamba haruhusiwi. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba leo ni siku ya Bwana na hakuna ugonjwa, ukumbi ukacheka, msimamizi akamsogezea uma, naye akafungua mdomo. Wiki nzima hakwenda shule. Mama hakuniambia haya ili nimlaumu mtu. Alisema kwamba kuugua wamekuzoea, ila binti anamuuliza kwa nini watu walipiga makofi. Tangu siku hiyo haendi kwenye sherehe, na sasa hata kwenye jumuiya hakai baada ya neno, kwa sababu baada ya neno kuna chai. Majirani wanasema familia ile inajidai.

Hapo ndipo jambo linapokuwa la Kanisa na si la jikoni tu. Kwetu sisi ushirika unapita mezani. Tunafanya upatanisho kwa kula, tunaposa kwa kula, tunafariji wafiwa kwa kula. Ukimfanya mtu aogope meza umemtoa katika ushirika, hata kama jina lake bado limo kwenye kitabu cha washarika na bahasha yake ya ahadi inaletwa kila mwezi.

Wapo wanaojibu kwa Biblia, na lazima wajibiwe kwa Biblia. Jibu la kwanza wanalolipenda ni kwamba chakula kimeombewa. Wanatumia 1 Timotheo 4, pale Paulo anaposema kwamba kila alichoumba Mungu ni chema na kwamba hutakaswa kwa Neno na kwa kuomba. Lakini someni kutoka mwanzo wa sura. Paulo anapigana na walimu waliokuwa wakiwakataza watu ndoa na vyakula kana kwamba wokovu uko humo. Hazungumzi na mtu ambaye utumbo wake unachubuka. Tena barua ile ile, mlango mmoja mbele, katika 5:23, Paulo anamshauri Timotheo aache kunywa maji peke yake, atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na udhaifu unaompata mara kwa mara. Mtume hakumwambia Timotheo ayaombee maji. Alimbadilishia kinywaji. Tukitaka kuwa watu wa barua hiyo, tuwe watu wa barua nzima.

Jibu la pili ni Luka 10, ambapo Bwana anawaagiza wale sabini wale kile watakachowekewa. Haya. Agizo lile amepewa mhubiri anayesafiri, asiwe mchaguzi wa nyumba nono, asihamehame akitafuta mapishi. Ni onyo kwetu sisi wachungaji, ambao kuku wa usharika wanatujua kwa sura. Hakupewa mwenyeji kama fimbo ya kumpigia mgeni.

La tatu ni mwisho wa Injili ya Marko, kwamba waaminio wakinywa kitu cha kufisha hakitawadhuru. Anayelitumia neno hilo kwa keki ya mtu mwingine aanze yeye na kitu cha kufisha chake.

Mimi ningewapeleka kwenye 2 Wafalme 4. Kulikuwa na njaa katika nchi, na wana wa manabii wameketi mbele ya Elisha, sufuria kubwa iko motoni. Mmoja wao, kwa nia njema kabisa, alikwenda kondeni akaokota matango mwitu asiyoyajua, akayakatakata ndani. Walipoanza kula, walipiga kelele kwamba mna mauti sufuriani, wala hawakuweza kula. Angalieni alichofanya mtu wa Mungu. Hakuuliza imani yao iko wapi. Hakusema kwamba wapishi watajisikia vibaya. Hakusema onjeni kidogo. Alikiamini kilio chao, akatafuta la kufanya na chakula, mpaka kikawa chakula kisichodhuru. (Alitia unga ndani ya sufuria, najua. Mtu asije akaniambia kwamba Elisha alitumia unga kuponya. Nabii alitia unga kuondoa madhara; sisi tunautia kuyaleta.)

Na kwa Wakorintho Paulo alikuta meza iliyogawanyika. Katika 1 Wakorintho 11 wenye nacho walitangulia kula chakula chao wenyewe, mmoja ana njaa na mwingine amelewa, na mtume aliwauliza kama wanawatahayarisha wasio na kitu. Huwa tunahubiri sura ile kana kwamba inahusu tu nani anastahili kukaribia Meza ya Bwana. Kabla ya hapo inamhusu mtu aliyeketi katika mkusanyiko wa Wakristo akiwa na njaa huku wenzake wanashiba, na aibu aliyotiwa.

Ni hapa ninapolitetea neno dhambi. Katika Katekisimo Ndogo ya 1529, ambayo kila mmoja wetu aliikariri kabla ya kuwekewa mikono, Luther anaieleza Amri ya Tano kwamba inatuagiza tusimdhuru jirani mwilini mwake, bali tumsaidie katika mahitaji yote ya mwili. Katika Katekisimo Kubwa anakwenda mbali zaidi: asiyemtendea jirani mema anapoweza kumkinga, naye ameivunja amri. Tumezoea kuiona Amri ya Tano kuwa ya majambazi. Luther aliileta jikoni na mezani, kwa mtu wa kawaida mwenye sahani mkononi. Kumlisha mtu kwa nguvu kitu kinachouharibu mwili wake, baada ya yeye kusema kwamba kinamdhuru, hakuna mahali pengine pa kukuweka ila chini ya amri hiyo. Na tabasamu halipunguzi kitu.

Nasikia mtu akisema: wengine wanaiga tu. Wamesoma kwenye simu kwamba ngano inanenepesha, basi wameacha, kesho wataacha wali, keshokutwa watarudi kwenye mandazi. Ni kweli, wapo, na wengine wanachosha. Lakini mwenyeji si daktari wa wageni wake, na ukumbi si maabara. Ukimheshimu mwigaji umepoteza sahani moja ya viazi. Ukimdharau mgonjwa ukidhani ni mwigaji, umemdhuru mtu. Warumi 14 haituagizi tuchunguze kwanza kama sababu ya ndugu asiyekula ni nzuri. Inatuagiza anayekula asimdharau asiyekula, na sura hiyo inafika mahali pa kusema kwamba hatupaswi kumharibu kwa chakula mtu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake.

Kuna neno moja pia kwa wagonjwa wenyewe, nalo nalisema kwa upole. Semeni mapema. Mtu akikuta umekaa kimya mpaka chakula kimepakuliwa, anajisikia kwamba umemvizia. Piga simu siku mbili kabla: "Mama, nakuja, lakini siwezi ngano, nitashukuru ukiniwekea ndizi kabla hazijachanganywa na kitu." Mama wa Kitanzania hashindwi na ombi kama hilo, akiombwa kwa adabu. Na ikibidi kubeba chakula chako mwenyewe, kibebe. Hapa najua ninagusa mfupa. Katika mila zetu kwenda na chakula nyumbani kwa mtu ni kumwambia kwamba hana cha kukupa, au kwamba unamshuku kwa ubaya, hasa kule ambako hofu ya kulishwa sumu bado inatembea hata ndani ya familia za waumini. Ndiyo maana namsihi mwenye nyumba awe wa kwanza kusema kwa sauti, ili wengine wasikie, kwamba mgeni huyu amekuja na chakula chake na kwamba nimekubali mimi mwenyewe. Sentensi moja ya mwenye nyumba inaziba midomo kumi.

Limebaki jambo ambalo halipendezi kulisema kwa sababu linatuhusu sisi tunaovaa kanzu. Mtu yule yule tuliyemkosesha chakula ukumbini, tunamkosesha na madhabahuni. Mkate mwembamba tunaoutumia katika Chakula cha Bwana umetengenezwa kwa unga wa ngano. Ni mdogo, lakini tumekwisha kuona hesabu ya kidogo. Na sharika zinazochovya mkate katika kikombe, au ambamo mchungaji anaumega juu ya kikombe, zimetia makombo katika divai pia.

Wenzetu Wakatoliki wana sheria yao: barua za Roma za 2003 na 2017 zilisisitiza kwamba mkate lazima uwe wa ngano, ila wakaruhusu ule uliopunguzwa gluteni sana, na asiyeweza hata huo apokee divai peke yake. Sisi hatuna sheria ya nafaka. Ungamo la Augsburg la 1530, katika makala ya 10, linakiri kwamba mwili na damu ya Kristo vipo kweli na vinagawiwa kwa wanaokula. Halitaji aina ya unga. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani katika mwongozo wake wa 1997 liliruhusu usharika kuweka madhabahuni kiasi kidogo cha mkate usio wa ngano, na pia likaruhusu mgonjwa kupokea umbo moja kwa sababu ya afya.

Njia hiyo ya pili, ya kumpa divai tu, ndiyo rahisi, na ndiyo wachungaji wengi tunaikimbilia. Siikatai kwa siku ya dharura. Lakini Mlutheri akiifanya kuwa kanuni, amesahau anatoka wapi. Mwaka 1415 Mtaguso wa Konstanz uliwanyima walei kikombe, na hoja iliyotumika kwa miaka mingi ni kwamba Kristo ni mzima katika umbo moja, kwa hiyo mkate unatosha. Luther, katika Makala ya Schmalkald ya 1537, alijibu kwamba hata hoja hiyo ingekuwa kweli, umbo moja si agizo zima la Kristo. Watu waliteseka kwa ajili ya kikombe kile. Leo tunamgeuzia mgonjwa hoja ile ile upande wa pili, tunamwambia kikombe kinatosha, wala hatuoni haya. Kwa nini asipewe vyote viwili, wakati kinachotakiwa ni kisahani kidogo chenye kifuniko na mkate wa unga wa mchele?

Wengine wanasema Bwana alitumia mkate wa ngano usiku ule. Huenda. Alitumia pia divai ya mizabibu ya Yudea, nasi tunanunua ya Dodoma. Wengine wamewahi kuniletea ile mikate mitano ya shayiri ya Yohana 6 kuwa suluhisho, nami nawakumbusha kwamba shayiri nayo ina gluteni, kama ilivyo bia itengenezwayo nayo. Mabadiliko ya namna hii yapitie kwenye dayosisi, kwa utaratibu, si kila mchungaji na unga wake. Lakini yaombwe. Nimesikia ombi la vipaza sauti vipya likifika mkutano mkuu. Sijaona sababu ombi hili lisifike.

Na tukiomba Sala ya Bwana tusikilize Kiswahili chetu. Wenzetu husema mkate. Biblia tuliyolelewa nayo inasema riziki. Watafsiri wale walijua kwamba wanaandikia watu wa ndizi, wa mtama, wa mahindi na wa samaki, na wakatupa neno linalomtosha kila mmoja kwa kile ambacho mwili wake unaishi kwacho.

Nirudi kwenye sherehe, maana huko ndiko mwezi huu wote tutakuwa. Kila harusi ina kamati, na kila kamati ina vikao kuanzia Januari kwa harusi ya Agosti. Tunajadili ukumbi, usafiri, mapambo, rangi ya sare, picha za video, muziki, na keki itakuwa na ngazi ngapi. Katika kikao kijacho mwenyekiti aongeze ajenda moja: nani kati ya waalikwa hawezi kula nini. Katibu aandike majina. Mtu wa chakula apewe orodha hiyo pamoja na maelekezo haya: sufuria moja ipikwe peke yake kwa mafuta mapya na mwiko wake, iwekwe meza ya pembeni, mwanzoni mwa foleni na si mwishoni ambako makombo yameshaanguka, wanaoihitaji wapakue kabla ya wengine. Mshereheshaji aandikiwe kwenye ratiba yake, kwa herufi kubwa, kwamba anayekataa kulishwa keki anapewa mkono na kushukuriwa, na muziki unaendelea.